Mashine Niliyoitoa Katika Saa ya Yeyo

Naserian alinipigia simu Jumanne, nikiwa nimeinamia saa ya mteja, akaniambia mama yake ametuacha. Mazishi yangekuwa Ijumaa, nyumbani Kajiado, na mimi nisikae na wageni. "Utakaa na sisi watu wa nyumbani," alisema. "Mama angetaka hivyo." Nilimwambia pole, nikamwambia nitafika, nikaweka simu mezani huku kibano bado kiko mkononi. Nina miaka hamsini na sita. Nimekuwa fundi wa saa hapa Kitengela tangu mji huu ulipokuwa mstari mmoja wa maduka kando ya barabara ya Namanga, na nimehudhuria mazishi mengi bila kuogopa. Hayo niliyaogopa.

Waliniweka mstari wa mbele chini ya hema, karibu na Lemayian, mtoto wa kwanza wa marehemu. Pasta alipomaliza, Lemayian akachukua maikrofoni kutoa shukrani. Alishukuru wamama wa kanisa, akashukuru waliochangia maji na viti, kisha akanigeukia. "Kuna mtu hapa wengi wenu hamumjui," alisema. "Baba alipofariki alituachia saa yake. Hiyo saa ilikufa, na huyu fundi akaifufua, na tangu siku hiyo haijawahi kutusumbua, ni betri tu tunabadilisha. Mama alikuwa akimtaja kwa maombi. Fundi Muthama, simama watu wakuone." Nikasimama. Watu wakapiga makofi, na Lemayian akavuta mkono wa koti lake juu ili saa ionekane. Nilikuwa nimeiona kabla hajaivuta. Kasha lilikuwa lile lile, na ile sura yake ya namba, yenye rangi ya maziwa, lakini ndani yake hakukuwa na kitu chochote cha baba yake. Nilikuwa nimekitoa mimi, nikakiuza, na hakuna mtu chini ya hema lile aliyejua isipokuwa mtu waliyekuwa wakimpigia makofi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita mwaka huo. Kibanda changu kilikuwa kati ya bucha na duka la mabati, kipana kama kitanda tu, na mezani nilikuwa na kioo kilichopasuka pembeni, taa, lenzi ya jicho, na kopo la majani ya chai lililojaa mashine za saa zilizokufa. Sisi mafundi tunaita mashine kile kilicho ndani ya kasha: springi, magurudumu na balansi ile inayocheza kwenda na kurudi kama moyo wa ndege. Kasha ni nguo tu. Kila fundi alikuwa na kopo kama langu, kwa sababu mtu akileta saa iliyovunjika gurudumu unapekua humo mpaka upate linalofanana nalo. Hewa ya pale ilikuwa ya petroli niliyooshea saa, damu ya ng'ombe kutoka kwa jirani, na vumbi la malori ya simiti. Mchana nilikula githeri, mahindi na maharagwe, ya mama mmoja aliyeuza nyuma ya bucha, nikiwa nimesimama, ili nisiwaache wateja. Sikuwa na njaa ya kusingizia. Nalisema hili mapema kwa sababu watu hupenda kutafutia wizi sababu.

Jumamosi moja alikuja mtu anayeitwa Njuguna, mwembamba, mwenye daftari ndani ya mfuko wa shati. Alimwaga kopo langu juu ya kioo bila kuniomba ruhusa, akaanza kuzitenga mashine kwa kidole.

"Hizi unauza?" aliuliza.

"Hizo ni za kutoa vipuri."

"Najua ni za nini. Nimekuuliza kama unauza."

Akanieleza kwamba kuna watu ng'ambo wanaokusanya saa za zamani vile watu wa Kajiado wanavyokusanya ng'ombe, si kwa kula, ni kwa kuwa nazo. Mtu kama huyo ana saa nzuri, kasha safi, lakini mashine imeoza, na kiwanda kilichoitengeneza kiliacha zamani. "Atapata wapi nyingine?" Njuguna alisema. "Kwa kopo lako hapa." Alinifundisha kuangalia. Mashine yenye kutu ni takataka. Ikiwa vichwa vya skrubu vimekwaruzwa na bisibisi ya fundi mbaya, bei inashuka. Ikiwa bado iko na sura yake ya asili, inapanda. Na ukiipulizia pumzi balansi ikaanza kucheza, usiiguse tena, ifunge kwa karatasi laini umngojee yeye. Alichagua kumi na nne, na pesa alizonipa siku hiyo zilishinda nilizokuwa nikipata kwa miezi miwili ya kutengeneza.

Wiki ya tatu nilimwambia zimeisha. Njuguna alikuwa akinywa soda, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Haziwezi kuisha," alisema. "Ziko kwa mikono ya watu." Kwa miaka mingi nimejaribu kumbebesha yeye mzigo huu kwa sababu ya maneno hayo, lakini haukai mabegani mwake. Hakuniambia niibe. Aliniambia tu mahali mashine zilipo, jambo ambalo hata mimi nilikuwa nalijua.

Wakati huo mashine za betri zilikuwa zimeanza kuja kwa maboksi, nyepesi, za plastiki nusu, na moja ilinigharimu kidogo kuliko sahani ya githeri. Wa kwanza alikuwa dereva wa lori. Saa yake ilihitaji kuoshwa tu. Niliitoa mashine, nikaweka ya betri, nikagundisha sura ya zamani juu yake kwa gamu, nikarudisha mishale na kufunga. "Nimekuwekea ya kisasa," nilimwambia. "Hutaitia ufunguo tena maisha yako." Alifurahi. Aliitazama, akacheka, akaniongezea pesa ya soda juu ya bei tuliyopatana. Mwizi wa kuku hukimbia, na mbio hizo angalau zinamkumbusha yeye ni nani. Mimi wateja wangu walinishika mkono. Walileta ndugu zao. Mzee mmoja wa Isinya alinisifu mbele ya watu kwenye foleni ya bucha, akasema kijana huyu hana tamaa. Sitaki kuandika walikuwa wangapi. Wakati ule nilijua idadi.

Siku za soko nilikuwa napeleka meza yangu Kajiado, kwa sababu huko ndiko walikokuwa wazee wenye saa nzuri: walimu waliostaafu, watu wa reli, wafugaji waliouza fahali mmoja miaka ya nyuma wakanunua saa ya Uswisi. Kubeba meza na vyombo kwenda na kurudi kulinichosha, na muuza chumvi mmoja akanielekeza kwa mama aliyekuwa na stoo nyuma ya nyumba yake. Huyo ndiye niliyekuja kumwita Yeyo, yaani mama, kama walivyomwita wanawe. Nilipotaja kodi ya stoo alinitazama kama mtu asiyenielewa Kiswahili. "Meza inakula nini," alisema, "hata uilipie?" Nikainamisha kichwa, akakigusa kwa kiganja jinsi wazee wao wanavyowasalimu vijana, na kuanzia hapo sikupita kwake bila kula.

Nyumba ilikuwa ya mawe ya machimbo, vyumba viwili na paa la bati, na stoo yangu ilitenganishwa na jikoni kwa ukuta wa mbao ambao haukufika juu. Ndani ya stoo mlikuwa na magunia ya chumvi ya ng'ombe na madebe ya dawa ya kupe. Nilikuwa nikikaa juu ya gunia, Naserian ananiletea chai iliyopikwa kwa maziwa matupu, yenye ile harufu ya moshi inayotoka kwenye kibuyu, na ugali uliobaki umekatwa vipande. Siku nyingine ilikuwa nyama ya mbuzi iliyochemshwa na supu yake chungu ya mizizi. Naserian alikuwa kidato cha nne, mkali wa maneno, na aliniuliza maswali ya kweli: magurudumu mangapi, kwa nini hilo dogo halichoki. Lemayian alikuwa kazini mbali, alikuja mwisho wa mwezi. Marehemu baba yao alikuwa muuguzi wa zahanati, kwanza Rombo kule mpakani, kisha Kajiado, na saa yake alikuwa ameinunua kwa ajili ya ule mshale wa sekunde, ahesabie mapigo ya moyo wa wagonjwa. Sasa ilining'inia kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni. Yeyo hakuwa anajua kusoma saa. Lakini kila asubuhi akishakamua, kabla hajaweka chai motoni, alifuta mikono kwa shuka, akaiteremsha, na kuitia ufunguo taratibu, akihesabu kwa Kimaasai chini ya pumzi.

Siku moja, mimi nikiwa stoo, jirani yake alikuja kuomba moto wakakaa kuongea. Waliongea Kimaasai wakichanganya na Kiswahili, kwa kuwa jirani alikuwa ameolewa hapo kutoka kwetu Ukambani.

"Hiyo saa ungeuza ununue mbuzi," jirani alisema.

"Mbuzi niko nazo."

"Sasa inakusaidia na nini, na wewe hujui kuisoma?"

Nilisikia Yeyo akipanga kuni. "Akiwa hai nilikuwa nampikia," alisema. "Nilikuwa namfulia ile koti yake nyeupe. Namwekea maji ya kuoga. Sasa ameniachia kazi moja tu ya kumfanyia, hiyo ya asubuhi. Niuze, nibaki na nini?"

Nilisikia hayo kwa masikio yangu, nikiwa nimekalia gunia lake la chumvi, kikombe chake mkononi. Kwa hiyo, njia ya kusema "sikujua" imefungwa. Wengine wote niliowaibia naweza kudai kwamba nilidhani saa kwao ni chuma tu. Kwake siwezi.

Baridi ya Julai ilipokuja, saa ilisimama. Alinipa ikiwa imefungwa kwa kitambaa. "Imenyamaza," alisema. "Iangalie, mwanangu." Niliifungua Kitengela kesho yake asubuhi, na hata leo naiona. Ilikuwa mashine ambayo tangu itoke kiwandani hakuna mkono mbaya ulioigusa. Skrubu zilikuwa za samawati, hazina mkwaruzo hata mmoja, na madaraja yake, yale mabamba yanayoshika magurudumu, yalikuwa na mistari ile myembamba kama shamba lililolimwa vizuri. Ugonjwa wake ulikuwa mafuta yaliyoganda. Niliivunja, nikaiosha, nikaikausha, nikaipa mafuta tone kwa tone, nikairudishia. Balansi ikaamka. Niliiacha mezani ikipiga nikaitazama mpaka saa za chakula, na ilikuwa imepona kabisa. Kazi niliyopewa nilikuwa nimeimaliza. Ningeifunga wakati huo ningekuwa fundi mzuri. Lakini Njuguna alikuwa ameniandikia kwenye kipande cha karatasi aina anazotafuta, na hiyo ilikuwa ya juu kabisa, na Jumamosi ilikuwa kesho. Nikachukua mashine ya betri kwenye boksi. Mkono wangu haukutetemeka. Nimewahi kuwaambia watu kwamba kazi ya saa inahitaji mkono usiotetemeka, na kila nikisema hivyo nakumbuka mchana huo.

Nilipomrudishia, aliiweka sikioni kwanza. "Inatembea polepole," alisema. "Ile ilikuwa inakimbia." Alisema kweli. Mashine ya zamani hupiga haraka haraka, ya betri hupiga moja, inangoja, inapiga tena. Kisha akashika kile kichwa cha pembeni cha kutilia ufunguo, akakizungusha, na kikazunguka bure.

"Haikazi," alisema.

"Haihitaji tena, Yeyo. Nimekuwekea inayojiendesha. Itatembea yenyewe."

"Yenyewe?"

"Yenyewe. Hutasumbuka tena."

Aliendelea kukizungusha. Naserian alikuwa mlangoni, akamwambia mama hiyo ni maendeleo. Yeyo akaangalia uso wangu, nafikiri akaona nimetahayari, na kwa sababu alikuwa mtu asiyependa mgeni aone haya nyumbani kwake, alicheka kidogo. "Basi asubuhi nitafanya nini," alisema, kama mzaha. Akaniambia asante kwa lugha yake, ashe oleng, akairudisha msumarini, akamtuma Naserian aniwekee nyama iliyokuwa imewekewa wageni wa kanisa. Niliila. Iliyobaki walinifungia niende nayo.

Majuma yaliyofuata nilikuwa namsikia asubuhi kupitia ukuta wa mbao, siku nilizolala pale nikingoja soko. Anamaliza kukamua, anafuta mikono kwa shuka, anaiteremsha saa. Halafu kimya. Halafu msumari unalia kidogo anapoirudisha. Nilimngoja aseme neno, anilaumu, aniulize. Hakuuliza. Nikaanza kupunguza safari za Kajiado, mwishowe nikachukua meza yangu, nikasema kazi imekuwa nyingi Kitengela. Alinipa kibuyu cha maziwa.

Nisidanganye kwamba dhamiri ndiyo iliyonizuia kuendelea. Njuguna aliacha kuja, ndiyo sababu. Mara ya mwisho tuliyoonana nilimuuliza, kama mtu anayepiga domo tu, ile nzuri ya Julai ilienda wapi. Alisema ilienda kwa mzee mmoja ng'ambo aliyekuwa na saa ya aina ile ile. "Alitaka balansi peke yake," alisema. "Hizo sehemu nyingine sijui kama alitupa." Nilimuuliza kama anaweza kuulizia. Alinishangaa. Mashine ya akiba thamani yake ni ile sehemu moja inayokosekana kwa mwingine, alisema, na ikishatolewa, kilichobaki ni vyuma.

Miaka mingi baadaye binti yangu alinionyesha kwenye simu mashine kama ile, imepigwa picha juu ya kitambaa cheusi, na bei yake ingelipa karo ya muhula. Alifurahi, akasema, "Baba, na wewe ulikuwa na kopo zima." Nikamwambia nilikuwa nalo. Muda si mrefu baada ya hapo mjane wa fundi mmoja wa Machakos aliniita nitazame vitu vya mumewe, na humo nikakuta moja, aina ile ile, nzima. Nilimwambia thamani yake halisi na nikamlipa hiyo. Nilikuwa na nia ya kuirudisha ndani ya saa ya Yeyo. Lakini kuirudisha kungenilazimu kusema kwa nini haimo, na kila mwezi nilisema mwezi ujao, na hivyo miaka kumi ikapita, naye akiendelea kunitumia salamu kwa kila mtu aliyeteremka Kitengela. Ijumaa ile ya mazishi niliiweka mfukoni mwa koti, ndani ya karatasi laini.

Watu walipoanza kupanga foleni ya chakula nilimwita Naserian kando, nyuma ya jikoni, kwenye tangi la maji. Yeye sasa ni mwalimu mkuu, ana mvi, amevaa miwani. Nilimwambia yote, kwa maneno machache kuliko haya. Alisikiliza, mikono ikiwa imefungwa kifuani.

"Mama alijua?" aliuliza.

"Sijui. Sikumwambia."

"Na kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu mlinipigia makofi."

"Kwa hivyo ni wewe unaumia." Hakupandisha sauti. Nilitoa ile karatasi, nikaifungua, nikamwambia ni mashine kama ya baba, naweza kuiweka leo leo. Hakunyoosha mikono. "Lemayian hulala na hiyo saa," alisema. "Ni mgonjwa wa presha. Akiamka akaisikia anatulia. Hutamwambia, na hutaifungua hiyo saa tena. Peleka hiyo kitu yako nyumbani."

"Naserian, nisamehe."

"Wa kusamehe tumemzika saa saba. Ungekuja wiki iliyopita ungemkuta." Alivua miwani akaipangusa kwa leso. "Umekaa na jambo hili miaka thelathini, ukaona unikabidhi siku namzika mama. Sasa ni mimi nitakaa nalo, na siwezi kumpa mtu." Nilikuwa nimekwenda pale nikidhani nalipa kitu. Alivaa miwani tena, akaangalia upande wa hema. "Nenda ukakae pale tulikuweka. Wakikosa kukuona wataniuliza, na mimi sijui kudanganya kama wewe."

Nikarudi. Lemayian alikuwa ameniwekea kiti na sahani ya mbavu, akanikatia mwenyewe kwa kisu chake, na pasta aliyekaa upande wa pili akaniinamia akataka kujua saa ile ilikuwa na shida gani hasa, na nilifanyaje hata ikadumu hivi. Lemayian akaacha kukata, asikie. Nikamwambia pasta ilikuwa imechafuka tu, nikaiosha. Naserian alikuwa amefika na birika la supu. Alinimiminia kikombe mpaka juu, bila kunitazama, akapita kwa mwingine.